Nimepewa vidonge nimwekee mume wangu kwa siri aache pombe. Nimwekee?

SWALI

Shikamoo mshauri,

Naandika haraka haraka kwa sababu Jumamosi iko karibu, na utaona kwa nini.

Mume wangu anakunywa. Si kunywa kwa wikiendi. Anaanza asubuhi kabla hata ya kupiga mswaki, anasema anazimua ili mikono itulie apate kunyoa. Mchana yuko kazini, jioni anarudi ameshalewa ila anatembea, usiku anamalizia. Hapigi mtu, hatukani, watoto wanampenda. Lakini amekonda, chakula hagusi, na mwezi uliopita nikitafuta mwavuli nilikuta chupa mbili ndani ya buti zake za mvua. Mwanangu mkubwa akaniambia bila hata kugeuka, "Hizo za baba, mama, usizitoe."

Mwaka jana shemeji zangu walikuja wakamfungia chumbani ili aache. Siku ya kwanza alitapika na kutokwa jasho. Siku ya pili akaanguka, akakakamaa, akatoa povu, akajing'ata ulimi. Alipozinduka akawa anatuonyesha wadudu wanaopanda ukutani, na wadudu hawapo. Mama mkwe alisema ulevi ndio unatoka, tusihangaike. Shemeji mmoja akaogopa, akampa pombe kidogo, akatulia. Ikaishia hapo. Sasa wamepanga kurudia Jumamosi hii, na wamesema safari hii hakuna kumwonea huruma.

Mimi nimepata njia nyingine. Binamu yangu anauza dawa. Amenipa vidonge vya disulfiramu, akaniambia nivisage nimwekee kwenye chakula kila siku bila kumwambia. Akinywa pombe atatapika mpaka aichukie mwenyewe. Vidonge vimekaa mkobani mwangu wiki ya pili sasa. Kila nikitaka kuvitoa mkono unasita.

Usiku mmoja tukiwa kitandani aliniambia, "Natamani kuacha, ila ikifika asubuhi mwili unakataa." Nilinyamaza, sikujua nimjibu nini.

Naomba unijibu: nimwekee? Je, kuna dawa zinazokata hamu ya pombe kweli, au ni maneno ya mitandaoni tu? Mama mkwe anasema dawa ni kubadilisha ulevi kwa ulevi, mwanamume ajikaze. Na kama dawa zipo, mbona hakuna daktari aliyetutajia? Aliwahi kulazwa kwa tumbo, wakamwambia "punguza pombe", wakamruhusu.

Mwenye vidonge mkobani

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Usimwekee. Nitakueleza sababu, lakini vidonge sivyo vilivyonitoa jasho niliposoma barua yako. Ni hiyo Jumamosi.

Kilichompata mume wako siku ya pili ya kufungiwa hakikuwa ulevi unaotoka. Alikuwa amekatiwa pombe ghafla, mwili ukashindwa kuhimili. Wale wadudu wa ukutani ni dalili ya hali ambayo ikiachwa inaweza kuua. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, pombe inautuliza ubongo saa zote, nao ubongo hujitutumua upande wa pili ili mwenyewe aweze kusimama, kuongea na kwenda kazini. Ni watu wawili wanaosukumana mlangoni: mmoja akijitoa ghafla, mwingine anaruka mzima mzima. Ndani ya muda wa saa 6 hadi 12 tangu tone la mwisho, mikono huanza kutetemeka, na ndiyo maana hawezi kunyoa kabla ya kuzimua. Kuanguka na kukakamaa hutokea zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuweweseka, kuona mauzauza, homa na moyo kwenda mbio huja kuanzia siku ya pili hadi ya nne. Na mtu ambaye ameshaanguka mara moja yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuanguka tena akikatiwa mara nyingine.

Kwa hiyo waambie shemeji zako bila kuzunguka kwamba wakimfungia tena wanaweza kufungua mlango wakakuta maiti. Anza na yule aliyeogopa mwaka jana. Huyo hahitaji kushawishiwa sana, alishayaona kwa macho yake. Na usimcheke kwa kumpa pombe siku ile. Alifanya alichokijua, na inawezekana ndicho kilichomwokoa ndugu yake.

Kama wana nguvu za kumfungia mtu mzima, basi nguvu hizo wazitumie kumsindikiza hospitali inayoweza kumlaza. Huko atapewa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, au nyingine ya kundi hilo, dozi ya kutosha mwanzoni, kisha inapunguzwa kidogo kidogo kwa muda wa kama wiki moja. Atapimwa presha, ini, figo na chumvi za mwilini. Na atapewa thiamini, yaani vitamini B1, ikibidi kwa sindano. Hiyo ya mwisho iulizie mwenyewe, kwa sababu umesema chakula hagusi. Mnywaji aliyekonda huwa ameishiwa vitamini hiyo, na ubongo ukiikosa kwa muda unaumia. Wapo wanaobaki hawawezi kukumbuka jambo waliloambiwa dakika tano zilizopita, na hali hiyo huenda isirudi nyuma. Ndiyo maana thiamini inatakiwa itangulie au iende sambamba na dripu yoyote ya sukari.

Tafadhali, usimtume binamu akuletee diazepamu umpe nyumbani. Najua umeshaanza kuwaza hivyo. Diazepamu juu ya pombe inaweza kumfanya mtu apitiwe na usingizi akaacha kupumua.

Mpaka siku atakapoonwa na daktari, asikatiwe pombe ghafla. Naona ajabu hata mimi kumwandikia mke wa mlevi kwamba zile chupa za kwenye buti usizimwage, lakini ndivyo ilivyo kwa mtu ambaye mwili wake umeshafika hapo. Akianguka kabla ya siku hiyo, mlaze ubavu, sogeza mbali vitu vigumu vilivyo karibu naye, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na mpelekeni hospitali palepale hata kama amezinduka na anasema yuko sawa.

Sasa vidonge vyako.

Disulfiramu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Antabuse, ni dawa halali na ya zamani. Miaka ya 1940 huko Copenhagen, watafiti wawili wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, walikuwa wanaichunguza kama dawa ya minyoo. Walijijaribia wenyewe, kisha wakashangaa kwamba kila wakigusa pombe wanaumwa. Sababu yake ni hii: ini huivunja pombe kwa hatua. Kwanza inageuzwa kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, kisha kimeng'enya kingine huivunja hiyo sumu ikaisha nguvu. Disulfiramu inakizuia hicho kimeng'enya cha pili. Sumu inabaki inazunguka kwenye damu. Uso unawaka, kichwa kinagonga, mtu anatapika, kifua kinabana, moyo unapiga ovyo, presha inashuka. Kwa aliye na bahati yanaisha baada ya saa chache. Kwa mwenye moyo mbovu, au aliyekunywa nyingi, yanaweza kuishia kwa mshtuko wa moyo, degedege au kifo. Miaka ya mwanzo dawa hii ilitolewa kwa dozi kubwa kuliko za leo, na watu walikufa.

Binamu yako amekwambia sehemu ya kutapika tu. Hakukwambia kwamba dawa hii haianzwi mpaka mtu awe hajagusa pombe kwa muda usiopungua saa 12, na mume wako anayezimua kila asubuhi ni nadra apitishe saa 12 akiwa mkavu. Wewe ungemwekea kwenye chakula cha jioni wakati pombe ya mchana bado iko kwenye damu. Hakukwambia pia kwamba dawa ikishaingia, athari yake inaweza kudumu hata wiki 2 baada ya kidonge cha mwisho. Ukiona mambo yameharibika huwezi kuitoa. Huko Marekani onyo lililowekwa kwenye kisanduku mwanzoni kabisa mwa maelezo ya dawa hii linasema isipewe kamwe mtu aliyelewa, wala mtu asiye na taarifa kamili kwamba anapewa. Mwenye kuuza dawa alipaswa kulijua hilo.

Fikiria pia itakavyokuwa. Mume wako anaanza kuumwa ghafla kila akinywa, hajui kwa nini. Anakwenda hospitali, daktari anahangaika na moyo wake bila kujua kuna disulfiramu ndani. Labda anamwandikia metronidazo kwa ajili ya lile tumbo lake, na dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kumvuruga mtu akili. Au anagundua. Kuna wanawake walioniandikia baada ya kugundulika, na malalamiko yao huwa mamoja: mwanamume hali tena chakula cha nyumbani, na kila dawa itakayotajwa baadaye anaiona ni mtego. Pombe wala hakuacha.

Halafu kuna jambo ambalo umeliandika mwenyewe ukalipita. Mume wako alikwambia anatamani kuacha na mwili unakataa. Mlevi wa pombe akisema hivyo usiku, bila kubanwa na mtu, ameshaomba msaada. Unatembea na vidonge vya kumtega mtu ambaye ungeweza kumuuliza.

Nikija kwenye swali lako la pili: ndiyo, dawa za kupunguza hamu zipo, na si maneno ya mitandaoni. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza mbili katika orodha yake ya dawa muhimu, naltreksoni na akamprosati. Hizi hazifanyi kazi ya kumtisha mtu kama disulfiramu.

Naltreksoni inakwenda kukaa kwenye vile vipokezi vya ubongo ambavyo pombe huvichezea ili kumpa mtu ile raha. Akimeza kisha akanywa, atalewa kama kawaida, atapepesuka, asiendeshe gari, ila ile raha ya kumfanya aombe ya pili na ya tatu inafifia. Wapo wanaoimeza wanaosema pombe imepooza, wanaiacha nusu mezani na wenyewe wanashangaa. Kwa kawaida ni kidonge cha miligramu 50 mara moja kwa siku, na ipo pia sindano ya miligramu 380 inayochomwa mara moja kwa mwezi, inayowafaa wanaosahau au wanaojidanganya kwamba wamemeza. Siku za mwanzo inaweza kuleta kichefuchefu, kichwa na uchovu. Ini linapimwa kwanza. Na mwambie daktari kila kidonge cha maumivu anachomeza, hata cha kuazima: kama anatumia tramado, kodeini, mofini au chochote cha jamii hiyo, naltreksoni itamwangusha vibaya, kwa hiyo dawa hizo lazima ziwe zimemtoka mwilini kabla, kwa kawaida siku 7 hadi 10. Siku akipata ajali au akihitaji upasuaji, madaktari wajue anaitumia.

Akamprosati ni ya mtu ambaye ameshaacha na anataka asirudi. Inautuliza ule ubongo unaobaki umechachamaa wiki na miezi baada ya pombe kuondoka, wakati mtu halali vizuri, ana wasiwasi usio na sababu, na anajiambia glasi moja itamtuliza. Kero yake ni wingi: vidonge 2 vya miligramu 333, mara 3 kwa siku. Inaharisha baadhi ya watu. Uzuri wake ni kwamba haipiti kwenye ini, inatoka kwa figo, hivyo ini likiwa limechoka bado inaweza kutumika. Figo zikiwa zimeharibika sana, hapana.

Zinasaidia kwa kiasi gani? Sikufichi. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba ukiwapa akamprosati watu 12, mmoja anabaki hajarudia pombe ambaye bila dawa angerudia. Kwa naltreksoni ya kumeza ni mmoja kati ya 20 kwa kutogusa kabisa, na mmoja kati ya 12 kwa kutorudia unywaji wa kupindukia. Utasema ni kidogo. Dawa nyingi za presha tunazozimeza bila kuuliza zinamfaa mtu mmoja kati ya wengi zaidi ya hao. Tena tafiti zenyewe hazikubaliani kila mahali: utafiti mkubwa wa Marekani wa watu 1,383, uliotoka mwaka 2006, uliona naltreksoni inasaidia na akamprosati haileti tofauti, wakati tafiti za Ulaya ziliona inasaidia. Maelezo mojawapo ni kwamba Ulaya wengi walianza dawa wakiwa wameshakaa bila pombe siku nyingi zaidi, ambalo kwangu mimi ndilo somo la vitendo: kwa mume wako kulazwa kwanza, akamprosati au naltreksoni baadaye, si kinyume.

Utakutana mtandaoni na baklofeni pia. Kuna daktari wa moyo Mfaransa, Olivier Ameisen, aliyejitibu nayo ulevi wake mwenyewe na kuusimulia ulimwengu mwaka 2008. Ufaransa iliiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 2018, nchi nyingi nyingine hazijafanya hivyo. Dozi ikizidi inalaza mtu vibaya sana. Iache hiyo kwa madaktari.

Mama mkwe mheshimu, lakini katika hili amekosea. Naltreksoni na akamprosati hazileweshi mtu, hazina raha yoyote ya kuzikimbilia, na siku ya kuziacha mtu hatetemeki. Hakuna anayeuza redio ya nyumbani ili anunue akamprosati. Kuhusu kujikaza, mwanawe alishajikaza mwaka jana mbele ya macho yake, nusura afe. Si lazima ubishane naye. Mwombe tu aje hospitali amsikie daktari, kwa sababu maneno hayohayo yakitoka kwako yataitwa kiburi cha mkwe.

Kwa nini madaktari hawakuwatajia? Si nyinyi peke yenu. Hata Marekani, ambako dawa hizi zimeruhusiwa tangu zamani, disulfiramu tangu 1951, naltreksoni 1994 na akamprosati 2004, mwaka 2019 wenye tatizo la pombe waliopewa dawa hawakufika 2 kati ya 100. Madaktari wengi walisomea kutibu ini lililoharibika na tumbo lenye vidonda, si kile kinachoviharibu. Wengine bado wanaona ulevi ni tabia ya kukemea. Ndiyo maana "punguza pombe" inatoka mdomoni kirahisi hivyo. Kwa mtu anayezimua asubuhi, maneno hayo hayana msaada wowote, na akiyafuata ghafla ni hatari.

Kwa hiyo usiende hospitali ukasema tu "mume wangu mlevi". Utapewa mahubiri. Sema: "Anakunywa kila siku kuanzia asubuhi, mwaka jana alipokatiwa alipata degedege siku ya pili na kuona mauzauza, anataka kuacha, tunaomba asaidiwe kuacha akiwa amelazwa, na tunaomba kuzungumzia naltreksoni au akamprosati." Daktari akisikia degedege na mauzauza hawezi kukurudisha na karatasi ya dawa za tumbo. Akijaribu, omba rufaa kwa daktari wa afya ya akili. Hao ndio wanaozishika dawa hizi zaidi. Jambo la kujiandaa nalo ni kwamba huenda naltreksoni na akamprosati zisiwepo pale kwenye dirisha la dawa, na disulfiramu ikawepo, kwa kuwa ni ya siku nyingi.

Na hapo ndipo nitakapokushangaza. Disulfiramu hiyohiyo inaweza kuja kuwa dawa ya mume wako. Inawafaa zaidi watu walioamua kuacha kabisa na wenye mtu wa kuwaangalia wakimeza. Utafiti mmoja wa wanaume 605 huko Marekani, uliochapishwa mwaka 1986, ulionyesha kwamba waliopewa disulfiramu hawakuwazidi wengine kwa kuacha pombe moja kwa moja, na wengi hawakuimeza ipasavyo. Waliomeza kweli walifanya vizuri. Sasa, kumwangalia mtu akimeza na kumwekea kwa siri ni vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Daktari atakuwa amempima moyo na ini, atakuwa ameuliza kama aliwahi kuugua akili. Mume wako atakuwa amekaa bila pombe. Atajua kwamba akinywa ataumia, na atajua pia kwamba dawa za kusukutua mdomo, dawa nyingine za kikohozi na hata manukato yana pombe ndani yake. Asubuhi anakitoa kidonge mwenyewe, anakiyeyusha kwenye maji, anakunywa wewe ukiwepo, mnaendelea na mambo mengine. Siku asipokitoa, unauliza mara moja tu: "Leo vipi, kidonge?" Akikataa, unampigia daktari. Hugombani, humfuati chooni, hunusi mdomo wake. Ukigeuka askari wa nyumba ataanza kukwepa, na watu wanaokwepa wanajua kuficha kidonge chini ya ulimi.

Mazungumzo naye yafanye mapema, kabla ya Jumamosi. Si asubuhi akiwa anatetemeka, wala usiku akiwa amelewa. Ile saa ambayo ameshazimua na kichwa bado kiko sawa ndiyo yako. Usianze na chupa za kwenye buti, wala na watoto. Anza na maneno yake mwenyewe: "Ile siku uliniambia mwili unakataa. Nimeuliza, nimeambiwa ni kweli mwili unakataa, na kuna dawa. Ile kuanguka mwaka jana haikuwa udhaifu wako." Halafu nyamaza umwache aongee. Wanaume wengi katika hali yake wanachoogopa si kuacha pombe, ni kuipitia tena ile siku ya pili chumbani. Akijua kwamba safari hii atalala kitandani na sindano ya kutuliza, si nyuma ya mlango uliofungwa, huenda akakubali haraka kuliko unavyodhani.

Je, umwambie kuhusu vidonge vya mkobani? Mimi ningemwambia, baada ya kukubali kwenda hospitali, na ningevipeleka kwa daktari pamoja naye. Wewe unamjua mumeo kuliko mimi. Kama unaona taarifa hiyo itavuruga kila kitu wiki hii, vipeleke kwa daktari kimyakimya na umwambie mumeo baadaye.

Akianza dawa, usihesabu mwezi mmoja. Kwa kawaida naltreksoni au akamprosati huendelea miezi 6 hadi mwaka, kisha daktari anaangalia. Dawa isiende peke yake, awe pia na mtu wa kuzungumza naye, mshauri nasaha au kundi la wenzake walioacha. Na anaweza kuteleza. Akiteleza akiwa kwenye naltreksoni au akamprosati, haachi dawa. Anaendelea kumeza na anarudi kwa daktari siku hizo hizo. Familia nyingi zinatupa dawa siku ya kwanza ya kuteleza zikisema "si unaona haifanyi kazi", na hapo ndipo kazi yote inapopotea. Disulfiramu ni tofauti: akinywa akiwa juu yake, kifua kikabana au akazimia, ni hospitali mara moja, na muwaambie amemeza nini.

Akikataa katakata, nenda hospitali peke yako. Huhitaji ruhusa yake kumuuliza daktari maswali, na daktari akikusikiliza atakupa namna ya kurudi na mume wako. Andika kwenye karatasi kabla ya kwenda: anakunywa nini na kiasi gani kwa siku, anaanza saa ngapi, lini alianguka na baada ya muda gani tangu tone la mwisho, dawa zote anazomeza, kama ana tatizo la moyo, ini au figo, na kama kuna siku amewahi kusema anataka kujidhuru. Hilo la mwisho hukulitaja, nami sitaki kukutisha, lakini muulize. Akijibu ndiyo, usisubiri miadi ya kliniki, mpeleke siku hiyo hiyo.